Tai aliyevuka mstari mara nne: uchambuzi wa kisa cha kuhesabu ndege mbuai wakati wa vuli

Kuhusu kisa hiki

Kisa kilitokea kwenye kilima cha mawe katika nyika ya kusini-mashariki mwa Kenya, msimu wa mvua za vuli. Jina la kilima, mwaka, majina ya watazamaji na ya waliogharimia kazi yameondolewa, na hesabu za siku zimekadiriwa ili mahali pasitambulike. Mfuatano wa mambo na sababu za kila uamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa.

Usuli

Baridi inapoanza kuingia kaskazini, ndege mbuai wa Ulaya na Asia hushuka kuja Afrika. Wale wenye mabawa mapana, kama tai na shakevale, hawapigi mabawa safari nzima. Hupanda na hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, huzunguka ndani yake hadi juu, kisha huteleza kwenda mbele mpaka wapate hewa nyingine. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, kwa hiyo hukwepa maji mapana na kusongamana penye njia nyembamba. Batumi, nchini Georgia, kati ya milima na Bahari Nyeusi, hupita zaidi ya ndege mbuai milioni moja kila msimu. Veracruz, nchini Mexico, hupita mamilioni kadhaa. Kwenye mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb, mwaka 1987, walihesabiwa zaidi ya 240,000 wakivuka kutoka Yemen kuingia Djibouti, na kati yao tai wa nyika za Asia (Aquila nipalensis) walizidi 76,000.

Utaratibu wa kuhesabu umezaliwa katika sehemu kama hizo. Hawk Mountain, Pennsylvania, wamekuwa wakihesabu tangu 1934: unakaa mahali pamoja, unachora mstari wa kufikirika angani, na kila ndege anayeuvuka unamhesabu mara moja. Pale unafaa, kwa sababu ndege akishavuka mstari huwa anaendelea na safari. Hana sababu ya kurudi.

Nyika yetu si mlango. Ndege wakishaingia Pembe ya Afrika hutawanyika kwa upana wa mamia ya kilomita, na kinachowavuta huku na kule ni mvua. Mvua ya kwanza ya vuli ikipiga, kumbikumbi hutoka ardhini kwa wingi, na tai aliyetoka Kazakhstan au Mongolia hutua kula wadudu hao siku nzima, pengine siku kadhaa. Kozi wa Amur (Falco amurensis) hutoka mashariki mwa Asia, huvuka Bahari ya Hindi kutoka upande wa India, na wakifika huku huandamana na mawingu ya mvua kuelekea kusini. Kwa maneno mengine, vuli yetu ni njia ya kupita na meza ya kulia kwa wakati mmoja. Kosa la kisa hiki lilianzia hapo: utaratibu wa mlangoni uliletwa mezani bila kubadilishwa.

Mpango wa awali

Kikosi kilikuwa na watazamaji watano, wawili kwa zamu, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, kwa wiki tano tangu mwishoni mwa Oktoba. Vifaa vilikuwa darubini za mkono za 8x42 na 10x42 (zinazokuza mara 8 na mara 10), darubini moja kubwa ya miguu mitatu yenye uwezo wa kukuza mara 20 hadi 60, vihesabio viwili vya kubofya kwa kidole gumba, kamera yenye lenzi ndefu, dira na karatasi.

Mstari ulichorwa toka mbuyu mmoja upande wa magharibi hadi jabali lililosimama peke yake upande wa mashariki. Kila ndege mbuai anayevuka mstari huo kuelekea kusini alipaswa kubofywa. Karatasi ilikuwa na safu nne tu: tarehe, saa, aina na idadi.

Lengo lililoandikwa kwenye mpango lilikuwa kupata idadi ya ndege mbuai wanaopita eneo hilo kwa msimu. Sentensi hiyo ingepaswa kuulizwa maswali mawili kabla ya mtu yeyote kupanda kilima. Eneo hilo lina upana gani? Na kupita ni nini?

Mfuatano wa mambo

*Siku ya 1 hadi ya 7.* Nchi ilikuwa kavu, anga jeupe, upepo mdogo. Saa nyingi zilipita bila ndege hata mmoja, na saa hizo hazikuandikwa chochote. Nafasi ikaachwa wazi. Baadaye hakuna aliyeweza kujua kama nafasi iliyo wazi ilimaanisha kwamba watu walikaa wakakosa, au kwamba walikuwa wameshuka kuchota maji.

*Jioni ya siku ya 7.* Mvua kubwa, ya kwanza ya msimu, ilinyesha kwa saa mbili.

*Siku ya 8 hadi ya 10.* Asubuhi kumbikumbi walikuwa wamejaa, na tai walikuwa kila mahali: ardhini, juu ya miti iliyokauka, angani wakizunguka. Hewa ilipopata moto mnamo saa 3 unusu walianza kupanda, wakateleza kusini juu ya kilima, na vihesabio havikupumzika. Siku ya 8 peke yake zilibofywa mara zipatazo 300. Kwa siku tatu jumla ilikaribia 800. Taarifa ilitumwa kwa waliogharimia kwamba kimegunduliwa kijito kikubwa cha tai.

*Siku ya 11.* Mtazamaji aliyekuwa kwenye darubini kubwa alimwona tai mchanga, mwenye ule mkanda mpana mweupe chini ya bawa, aliyepungukiwa na manyoya mawili makubwa ya bawa la kushoto. Alivuka mstari saa 4 na dakika 10. Saa 4 na dakika 50 akavuka tena. Kufikia saa 7 mchana alikuwa amevuka mara nne akielekea kusini, na kila mara alirudi kaskazini akiwa chini, nyuma ya kilima, upande ambao hakuna aliyekuwa anautazama. Alikuwa anakula kaskazini, anapanda na hewa, anateleza kusini kama kilomita moja, anashuka, anarudi.

Kama tai mmoja mwenye alama alihesabiwa mara nne, wale wengi wasio na alama walihesabiwa mara ngapi?

*Siku ya 11 mchana hadi ya 12.* Kuhesabu kulisimamishwa kwa siku moja na nusu. Kazi ilianza upya siku ya 13 kwa utaratibu mwingine.

*Wiki ya nne.* Kozi wa Amur walifika wakitangulia wingu la mvua kutoka kaskazini-mashariki, pamoja na kozi wengine wadogo, wakala wadudu angani. Hapo palitokea tatizo jingine, litakaloelezwa mbele.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kusimamisha kazi, ulipingwa ndani ya kikosi. Waliopinga walisema siku zinazofuata mvua ndizo tajiri, na kupoteza siku na nusu ni hasara isiyorudi. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini kuendelea kungeongeza tarakimu za aina ile ile, na tarakimu mbovu 300 zaidi hazimsaidii mtu. Kusimama kulikuwa sahihi.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuandika maana ya "amepita". Ndege alihesabiwa kuwa amepita pale tu alipotimiza masharti matatu kwa pamoja:

- amevuka mstari wa kwanza akielekea kati ya kusini-mashariki na kusini-magharibi;
- amefuatwa kwa darubini bila kupotea, wala hakutua, wala hakugeuka, mpaka amevuka mstari wa pili, ambao ni mgongo wa kilima kidogo kilomita 3 kusini;
- hakuwa chini ya urefu wa kilele cha kilima alipovuka mstari wa kwanza, kwa sababu wanaowinda hupita chini na wanaosafiri hupita juu.

Sharti la tatu lina udhaifu. Asubuhi mapema, kabla hewa haijapata nguvu, msafiri halali naye hupita chini. Kikosi kililikubali kwa kujua kwamba litapunguza idadi, kikachagua kukosea upande wa kupunguza.

Kila ndege alipewa herufi moja kwenye karatasi: P amepita, Z anazunguka, T ametua, R amerudi kaskazini. Idadi ya saa ikawa P kutoa R. Ikiwa R zimezidi P, saa hiyo huandikwa hasi, na hasi hiyo haifutwi.

Uamuzi wa tatu ulitokana na wa pili. Kumfuata ndege kwa kilomita 3 kunahitaji watu watatu: mmoja anatafuta kwa macho na darubini ya mkono, mmoja anafuata kwa darubini kubwa, mmoja anaandika. Watano hawatoshi kwa zamu mbili za siku nzima. Saa zikapunguzwa, zikawa kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 10 alasiri, muda ambao tai na shakevale husafiri zaidi. Gharama yake ilikuwa kuwakosa kozi wa jioni, na ripoti ilipaswa kuitaja. Siku zilizofuata mvua, wawili waliobaki waliwekwa kwenye kile kilima kidogo cha kusini kuwa kituo cha pili, ili kundi lililoonekana kwanza lithibitishwe lilipofika huko.

Hapo ndipo saa zilipoleta balaa. Vituo viwili hulinganishwa kwa dakika: kundi la tai 14 lililopita kituo cha kwanza linatarajiwa kituo cha pili baada ya dakika nne hadi saba. Karatasi za siku mbili za mwanzo hazikulingana hata kidogo. Sababu zilikuwa mbili. Saa za mkono za vituo zilipishana kwa dakika 7, na mtandao wa simu haukufika kilimani wa kuzirekebisha. Ya pili ni yetu sisi Waswahili: mtazamaji mmoja aliandika "4:20" akimaanisha saa nne na dakika ishirini asubuhi, mwenzake akaandika "10:20" kwa wakati ule ule, na mwingine, akiwa amechoka, akaandika "4:20" akimaanisha alasiri kwa saa za Kizungu. Kwenye karatasi iliyochapwa upya wiki moja baadaye hakuna wa kutegua fumbo hilo. Kuanzia hapo kila asubuhi saa zilioanishwa kwa kifaa cha GPS, na muda uliandikwa kwa tarakimu nne za mfumo wa saa 24, yaani 1020 au 1620. Kuzungumza waliendelea kuzungumza saa za Kiswahili. Karatasi ndiyo iliyobadilika.

Uamuzi wa nne ulihusu zile mara 800. Kulikuwa na pendekezo la kuzigawa kwa nne, kwa kuwa yule tai alivuka mara nne. Lilikataliwa, na vizuri likakataliwa. Tai mmoja mwenye bawa lenye pengo si kipimo cha wengine, na pengine bawa hilo ndilo lililomfanya asisafiri. Data za siku 11 za mwanzo ziliwekwa kwenye jedwali la pekee la kuwapo kwa aina, bila jumla. Taarifa ya "kijito kikubwa" iliandikiwa barua ya kuirekebisha siku ya 11 yenyewe.

Wa tano ulikuja mwishoni, baada ya waliogharimia kuuliza kama idadi ya kilimani inaweza kuzidishwa kwa upana wa nyika. Kikosi kilikataa. Kilima huwavuta ndege: upepo unaogonga ubavu wake huinuka, na mawe yake hupata moto mapema kuliko nyasi. Kilomita mbili pembeni hali ni nyingine. Kuzidisha kungedhani kwamba kila kilomita ina kilima.

Kutambua aina

Matatizo ya utambuzi yalikuwa mengi lakini ya kawaida, na mawili ndiyo yaliyobadilisha idadi.

La kwanza ni tai mgeni, yaani yule wa nyika za Asia, dhidi ya tai mkazi (Aquila rapax). Wote ni wa rangi ya udongo na wote hula kumbikumbi. Akiwa ametua, tazama pembe ya mdomo ya njano: kwa mgeni hufika mpaka nyuma ya jicho, kwa mkazi huishia chini ya jicho. Angani alama hiyo haionekani kwa umbali. Mgeni mchanga ana mkanda mweupe chini ya bawa, lakini unachakaa kadiri umri unavyosonga, na aliyekomaa hana. Kabla ya siku ya 13 kila tai wa kahawia aliandikwa kuwa mgeni. Baada yake iliongezwa safu ya "tai asiyetambuliwa", na safu hiyo ikajaa haraka. Wengine waliona hiyo ni aibu. Sisi tunaiona kuwa ishara ya karatasi iliyoanza kusema kweli.

La pili ni mwewe. Mwewe mkazi hujulikana kwa mdomo wa njano, ila kinda lake lina mdomo mweusi, sawa na mwewe mgeni wa kutoka kaskazini. Kwa umbali wa kilomita moja hakuna anayeweza kuwatenganisha kwa haki. Waliunganishwa wakawa "mwewe", na hawakuingizwa kwenye hesabu ya wahamao.

Kozi na makundi makubwa

Kozi wa Amur hawakuja kwa mstari. Walikuja kama vumbi, mbele ya wingu, kila mmoja akigeuka kukamata mdudu. Masharti ya P hayakuwafaa. Kikosi kilijaribu kukadiria kwa jicho: unahesabu ndege 10, unakariri ukubwa wa fungu hilo angani, unalipanga juu ya kundi zima. Wakati huo huo zilipigwa picha za mfululizo, kila moja ikipishana kidogo na ya pili, kutoka kushoto kwenda kulia. Picha zilipohesabiwa usiku kwenye kompyuta, kila nukta ikiwekewa alama, makadirio ya jicho yalionekana kuwa chini kwa karibu robo. Kadiri kundi lilivyokuwa kubwa ndivyo pengo lilivyokua. Hilo ni la kawaida kwa jicho la binadamu, na ndiyo sababu picha zipigwe hata kama unaamini jicho lako.

Kwa tai waliokuwa wakizunguka kwenye hewa ya moto kanuni ni rahisi zaidi, na haikufuatwa mpaka siku ya 13: usihesabu ndani ya mzunguko. Subiri wafike juu. Wakianza kutoka huteleza mmoja nyuma ya mwingine, kama shanga kwenye uzi, na hapo huhesabika mmoja mmoja bila haraka.

Anga jeupe lisilo na wingu lilisababisha hasara ambayo haiwezi kupimwa. Kati ya saa 6 na saa 8 mchana ndege hupanda juu mno, na kwenye anga tupu jicho halina mahali pa kushika. Siku zenye mawingu meupe yaliyotawanyika, ndege wale wale huonekana kama nukta nyeusi kwenye karatasi. Ndiyo maana kila saa iliandikiwa wingu (sehemu ngapi kati ya nane za anga limefunika), upepo na mwelekeo wake, na umbali wa kuona kwa kilomita. Siku mbili zenye idadi tofauti zinaweza kuwa na ndege sawa na mawingu tofauti.

Matokeo

Wiki tatu na siku chache za mwisho zilitoa saa 140 hivi za kuhesabu zinazoweza kutetewa. Katika siku zilizofuata mvua, ambapo P, Z, T na R zote ziliandikwa, takriban theluthi moja tu ya mivuko ya kwanza ya tai ilitimiza masharti ya kupita. Siku kavu, sehemu hiyo ilipanda zaidi ya nusu. Ripoti haikutoa idadi ya msimu. Ilitoa ndege kwa saa, kwa aina, pamoja na saa za sifuri, na jedwali la siku za kwanza na za mwisho kuonekana kwa kila aina.

Waliogharimia walikuwa wamengoja namba moja kubwa na hawakuipata. Waliendelea kugharimia msimu uliofuata, kwa sharti kwamba barabara ya karibu iongezwe kama njia ya kuhesabia kwa gari.

Uchambuzi

Kilichookoa kisa hiki ni tabia ya mtazamaji mmoja ya kuandika pembezoni mwa karatasi kitu ambacho hakikuwa na safu: "bawa la kushoto lina pengo". Karatasi ya safu nne haikumwomba aandike hivyo. Kila fomu ya kuhesabia iwe na nafasi ya maelezo iliyo pana kuliko inavyoonekana kuwa lazima, na kiongozi azisome kila jioni, siyo mwisho wa msimu.

Kilichoharibu si ukosefu wa ujuzi wa ndege. Watano wote waliwajua tai. Waliharibikiwa kwa kutojaribu utaratibu kabla ya kuuanza. Siku mbili za majaribio, moja kavu na moja baada ya mvua, zingefichua mivuko ya kurudia, kwa sababu wangemweka mtu mmoja atazame kaskazini tu. Upande wa nyuma wa kilima haukuwa na macho kwa siku 11. Popote ambapo ndege ana chakula karibu na mstari, jozi moja ya macho iwe mgongoni.

Kituo cha pili kilifaa, ila kiligharimu mapumziko. Mtazamaji anayekaa kwenye darubini kubwa zaidi ya dakika 30 huanza kukosa ndege wa juu kwanza. Wiki ya mwisho zamu za darubini zilifika saa nzima, na P kwa saa zilishuka bila sababu ya hali ya hewa. Tunashuku uchovu. Kikosi cha watu saba kingemudu, cha watano kiwe na kituo kimoja tu na saa chache.

Swali kubwa ni kama kilima ni chombo sahihi kwa nyika. Kwa kujua ni lini tai wanafika, na kama mvua ikichelewa nao wanachelewa, kilima kinafaa sana, mradi kirudiwe kila mwaka kwa saa zile zile na masharti yale yale. Kwa kujua wako wangapi, hakifai. Hapo njia ya gari hufaa zaidi: kilomita 50 hadi 100 za barabara ile ile, kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, watazamaji wawili na dereva asiyehesabu, kila ndege akiandikiwa umbali kutoka barabarani. Kozi wahesabiwe jioni kwenye miti wanakolala, wanapoingia, dakika 40 kabla ya giza mpaka giza.

Tai wa nyika za Asia yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini tangu 2015. Ikitolewa namba ya juu isiyo ya kweli kutoka mahali anapokaa miezi ya baridi, wanaotetea maeneo yake ya kuzaliana huulizwa kwa nini wanalia wakati tai wamejaa Kenya. Barua ya kurekebisha iliyoandikwa siku ya 11 ilikuwa na mistari sita. Ilieleza kilichohesabiwa, kilichokosewa, na kwamba ile 800 isinukuliwe popote. Nakala yake imebandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari la kituo, na fomu ya sasa yenye P, Z, T na R imebandikwa ukurasa unaofuata.